Meza ya Katikati

Futi ya ofisi ya soko ilikuwa imekatika kichwa. Ilianzia kwenye namba kumi na mbili, na msimamizi wa soko, aliyeizoea hivyo hivyo, alisema hakuna shida yoyote, unapima halafu mwishoni unatoa kumi na mbili, hata mtoto wa darasa la tatu anaweza. Lakini wakulima wa Bonde na wa Juu, waliogombania uwanja mmoja kwa miezi minne, hawakuwa tayari kutoa chochote mwishoni. Watu wa Bonde walisema futi hiyo imekatwa makusudi. Watu wa Juu wakaleta ya kwao, mpya, ya chuma, ingali ndani ya karatasi yake, na watu wa Bonde wakasema hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Basi pimeni kwa miguu," msimamizi alisema.

"Miguu ya nani?" akauliza mwenyekiti wa Bonde.

Watu walicheka, na Mama Kati naye akacheka nyuma ya meza yake ya mchicha, ingawa hakuwa na sababu nyingi za kucheka. Meza hiyo ilikuwa imesimama katikati ya uwanja, hatua chache kutoka kwenye bomba, kwa miaka kumi na mmoja, na hapo ndipo lilipotoka jina lake. Waliomjua vizuri zaidi walisema jina lilikuwa na sababu ya pili. Alizaliwa Bonde akaolewa Juu. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa Bonde alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na katibu wa kikundi cha wakulima wa Juu alikuwa mume wake. Wanaume hao wawili hawakuwa wakisalimiana tena, ila kila mmoja alimtumia yeye kumfikishia mwenzake matusi, na yeye aliyapunguza makali njiani kadiri alivyoweza.

Msimamizi alikuwa ameshachoka. Alisema ikifika Ijumaa adhuhuri bila karatasi yenye sahihi za pande zote mbili, uwanja unafungwa, unageuzwa maegesho ya malori, na mboga zao wakauzie huko huko mashambani. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja bei ya mwisho, na kila mtu akamwamini.

Ndipo kaka mtu akakumbuka kamba. Ilikuwa kamba ya katani ya marehemu baba yao, ya kunyooshea mistari wakati wa kupanda, hatua ishirini kamili, yenye fundo la kitambaa chekundu kila mwisho. Mzee yule alikuwa amewapimia mashamba watu wa Juu na wa Bonde vilevile, na hakuna aliyewahi kusema ameibiwa hata mstari mmoja. Wazee wa pande zote mbili walitikisa vichwa kukubali. Ikaamuliwa hivi: Juu wapimiwe kamba mbili kuanzia ukuta wa ghala, Bonde kamba mbili kuanzia uzio wa upande wa pili, na kitakachobaki katikati kiwe njia ya mikokoteni, pasiuzwe kitu.

"Kila mtu na kamba zake mbili," kaka alisema. "Hapo nani atalia?"

Hakuna aliyelia. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, watu walirudi kwenye biashara zao wakiongea kwa sauti za kawaida.

*

Jumatano asubuhi wakapima upande wa Juu. Katibu alishika mwisho mmoja, mwenyekiti wa Bonde mwingine, kila mmoja akimwangalia mwenzake vidole. Kamba mbili zikaisha, chokaa ikamwagwa, mstari ukanyooka. Kisha jua likawa kali, msimamizi akaitwa ofisini, wakakubaliana wanywe chai kwanza wamalizie saa sita.

Katibu alikuja na kamba mkononi hadi kwenye meza ya mkewe.

"Nitunzie hii, mama watoto. Nikikaa nayo watasema nimeichezea."

"Na mimi nikikaa nayo?"

"Wewe ni wa wote," alisema, akaenda zake kunywa chai.

Mama Kati aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya beseni lililokuwa chini ya meza ili watu wasiikanyage. Halafu akaendelea na kazi. Mchicha haungoji mtu. Kila robo saa aliunyunyizia maji usinyauke, na maji yakapenya kati ya mbao za meza yakadondokea chini, kama yalivyodondoka kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Beseni lilikuwa hapo kwa kazi hiyo hasa, kukinga maji hayo yasifanye tope miguuni pa wateja. Asubuhi hiyo biashara ilikuwa nzuri na hakuinama kutazama chini hata mara moja.

Saa sita waliichukua kamba, wakaikung'uta, wakaivuta kutoka kwenye uzio. Ilikuwa na maji, lakini kila kitu kilichotoka chini ya meza ile kilikuwa na maji. Vijana wa siku hizi wanapandia kamba za nailoni, na wazee walikuwa wamekaa kivulini. Kamba ya kwanza, kamba ya pili, chokaa. Watu wakasogea kuona.

Mstari wa Bonde uliishia nyuma ya mahali ambapo wanawake tisa wa mbele walikuwa wametandaza magunia yao ya nyanya. Katikati zilibaki hatua sita. Msimamizi alizipima kwa viatu vyake, akasema mkokoteni unahitaji hatua nne, hizo mbili zilizozidi si za mtu.

"Tumwachie Mama Kati meza yake," alisema. "Angalau mtu mmoja asihamishwe."

Watu wa Juu walipiga makofi. Watu wa Bonde walimtazama mwenyekiti wao, naye akatazama chokaa. Kamba ilikuwa ya baba yake na wazo lilikuwa lake.

"Kamba ni kamba," alisema. Wanawake tisa wakaanza kukunja magunia. Wa kwanza kukunja alikuwa mke wake.

Ilipofika zamu ya kuikunja kamba, Mama Kati ndiye aliyeipokea. Ilikuwa nzito, ya baridi, imekaza kama mti mbichi. Vidole vyake vikajua kabla ya kichwa. Kaka yake alikuwa utingo wa malori ujana wake wote, hakuwahi kushika kamba ile shambani. Yeye ndiye aliyeishika, mwisho wa pili, kila msimu, tangu akiwa na miaka saba. Na baba hakupima hata siku moja asubuhi yenye umande. Aliianika kwanza juu ya ua, akakaa akavuta tumbaku, na mtoto akiuliza wanangoja nini alijibiwa kwamba kamba ikinywa maji inafupika, inamla mtu wa mwisho kupimiwa.

*

Nyumbani mume wake alikula kwa furaha. Mama yake Katibu, kikongwe aliyekaa nao, naye alikuwa ameshapata habari kwa jirani.

"Meza imebaki?" aliuliza.

"Imebaki, mama," Katibu alisema. "Na mimi sikufungua mdomo. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyesema."

Mama Kati alingoja watoto watoke nje. Kisha akasema kamba ilikuwa imelowa. Akaeleza kwamba ilipungua hatua moja kwa kila kamba, hatua mbili kwa kamba mbili, na kwamba meza ilikuwa imesimama juu ya hizo hatua mbili.

Katibu aliacha kutafuna.

"Mvua haikunyesha," alisema. "Nani aliilowesha?"

"Mimi. Niliiweka kwenye beseni."

"Na nani alikupa?"

Kabla hajajibiwa, Katibu aliliona jibu mwenyewe. Aliweka tonge chini.

"Unajua watakavyosema? Katibu wa Juu kampa mkewe kamba, mkewe kaitia majini, meza ya mkewe ikapona. Hata mimi ningesema hivyo. Nikiwa Bonde ningesema hivyo na ningetafuta rungu."

"Nitasema hukujua."

"Nani atakuamini? Mke akimtetea mumewe ni ushahidi huo?" Alinawa mikono bila kumaliza chakula. "Na Ijumaa ndiyo mwisho. Ukiufumua huu mkataba, yule bwana analeta malori. Hapo si wanawake tisa. Ni watu mia."

"Mdomo uliponza kichwa," kikongwe alisema, akakusanya vyombo.

Mama Kati aliitundika kamba kwenye msumari, karibu na jiko. Hakuwa na mpango wowote alipofanya hivyo. Kitu cha katani kikilowa unakianika, basi. Lakini mume wake aliona mahali alipoitundika, akageukia ukutani. Na yeye alikaa akiwaza kwamba mume wake hakukosea hata neno moja, jambo ambalo lilimuudhi kuliko kama angekosea. Bila meza ile angeuzia wapi? Nafasi za Juu ziligawanywa kwa kura mwezi uliopita, na yeye hakuchukua karatasi, kwa sababu alikuwa na meza.

*

Alhamisi wifi yake, mke wa kaka yake, alikuja na ndoo mbili za nyanya. Alijaribu kukaa nje ya lango, askari wa soko akamfukuza kwa kusukuma ndoo kwa mguu, na nyanya za juu zikapasuka. Alipofika mezani alikuwa anacheka, huku akifuta maji ya nyanya mikononi.

"Hujambo, wifi?"

"Sijambo. Karibu."

"Siku hizi hata ardhi imekonda," wifi alisema akitazama mstari wa chokaa. "Miaka yote tulikuwa tunaenea pale. Nimelala nikihesabu: mimi, shoga yangu, yule mjane, wote tunaenea. Tumenenepa nini?"

Mama Kati alinyunyizia mchicha ambao ulikuwa umeshanyunyiziwa.

"Naomba niweke ndoo moja chini ya meza yako," wifi alisema. "Nizunguke na hii nyingine. Sitauzia hapa. Naiweka tu."

"Weka, wifi. Hilo nalo la kuombwa?"

Ndoo haikukaa nusu saa. Muuza vitunguu wa Juu aliiona, akauliza kwa sauti tangu lini nyanya za Bonde zinalala kwenye njia, na kama ni hivyo hata yeye ana binamu zake. Wengine wakadakia. Katibu akaitwa. Alikuja polepole na daftari kwapani, akasimama mbele ya meza ya mkewe kama mteja asiyejua anataka nini.

"Itoe, mama watoto," alisema. "Mkataba ni mkataba."

"Ni ndoo ya wifi yangu."

"Najua ni ya nani."

Wifi aliyasikia akiwa mbali kidogo. Alirudi, akaivuta ndoo yake mwenyewe kabla Mama Kati hajainama. "Usigombane na mumeo kwa ajili ya nyanya, wifi," alimwambia kwa upole. Upole huo ndio uliomwumiza Mama Kati. Kama angetukanwa, pengine angekaa kimya mpaka anazikwa.

*

Ijumaa msimamizi alikuja na karatasi, wino na kiti kimoja. Mwenyekiti wa Bonde aliweka sahihi. Katibu wa Juu akaweka. Ikabaki nafasi ya tatu, ya shahidi wa kamba, na wote wakakubaliana bila kubishana awe Mama Kati, kwa kuwa yeye ni wa wote. Alikuja na kamba begani. Ilikuwa imekauka, imekuwa nyepesi, inanukia moshi.

"Weka hapa," msimamizi alisema, akampa kalamu.

"Pimeni kwanza tena," alisema.

Hakusema kwa sauti kubwa. Mume wake ndiye wa kwanza kusikia, na alifumba macho.

"Siku ile kamba ilikuwa imelowa," Mama Kati alisema. "Upande wa Juu mlipima kavu. Upande wa Bonde mlipima mbichi. Niliiweka kwenye beseni langu, ikanywa maji asubuhi nzima. Katibu hakujua. Ni mimi."

Kwanza walicheka, kisha kila mtu akasema lake kwa wakati mmoja. Mzee mmoja wa Juu, asiyesema mara nyingi, aliigusa kamba akasema ni kweli, katani ina tabia hiyo, amesahau yeye tu kwa sababu ya uzee. Wakapima. Upande wa Juu kamba ilifika kwenye chokaa yake bila kupungua wala kuzidi. Upande wa Bonde kamba ya pili ilivuka chokaa, ikaingia chini ya meza ya mchicha, fundo jekundu likatokea upande wa pili.

Watu wa Bonde hawakushangilia. Kaka yake alikuwa ameshika mwisho wa kamba na alikuwa anamtazama.

"Ulijua lini?"

"Nilipoikunja. Siku ile ile."

"Jumatano." Alihesabu kwa vidole ingawa hesabu ilikuwa ndogo. "Jana mke wangu anafukuzwa langoni kama mwizi, wewe unajua."

"Nilijua, kaka."

"Na kamba ya baba."

Nyuma ya Mama Kati watu wa Juu nao walikuwa wanalalamika, kwamba sasa watatembea mjini wanaitwa waloweshaji wa kamba, na yote kwa ajili ya mwanamke ambaye damu yake haikuwahi kuhama Bonde. Katibu alisimama na daftari lake, hakumtetea wala hakumlaumu. Wanawake tisa walikwishaanza kutandaza magunia. Wifi alipita karibu naye na ndoo kichwani, macho yakiwa mbele.

Msimamizi alitazama saa. Ilibaki robo saa kufika adhuhuri, na alikuwa mtu wa kutimiza neno. Alirekebisha hatua kwenye karatasi, akaipuliza.

"Sasa hiyo meza," alisema.

Meza ilikuwa imesimama kwenye hatua mbili za Bonde.

"Ni mke wa Juu," walisema watu wa Bonde. "Tukimpa yeye, kesho Juu wote wataleta wake zao."

"Ni binti wa Bonde," walisema watu wa Juu. "Nafasi zetu zimekwisha kwa kura. Na hakuchukua karatasi."

"Akauzie njiani?" aliuliza muuza vitunguu.

"Njiani hapauzwi," walijibu wote, Juu na Bonde, kwa sauti moja. Wakatazamana, na baadhi yao wakatabasamu, maana hawakuwa wamesema kitu pamoja kwa miezi minne.

Mama Kati aliweka sahihi. Kisha yule mzee wa Juu akasema kwamba kila baada ya mavuno mistari itafutika na itabidi ipimwe upya, na baada ya haya yaliyotokea kamba isikae kwa Juu wala kwa Bonde. Ikae kwa mtu aliyesema kweli iliyomgharimu. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa. Walimpigia makofi, wakamkabidhi kamba mikononi, na msimamizi akaandika chini ya karatasi: mtunza kamba.

Meza ilikuwa nzito, ya mbao za zamani, imelowa maji. Kaka yake alishika upande mmoja na mume wake upande wa pili. Walipofika langoni ilikwama.

"Inamisha kwako, shemeji," kaka alisema.

"Nimeinamisha. Inua wewe."

"Nikiinua inakuangukia."

"Acha iniangukie, si ndicho unachotaka?"

Kaka alicheka. Katibu naye akacheka, akakohoa, wakaipitisha kwa ubavu. Mama Kati alifuata nyuma na mafungu ya mchicha kichwani na kamba begani, akiwasikia wanavyoulizana habari za mama, za watoto, za lile shamba la mtama lililoliwa na panya. Barabara nzima waliongea. Hakuna aliyegeuka nyuma.

*

Chumba kilikuwa kidogo. Meza ilipoingia, kitanda ilibidi kisukumwe hadi ukutani, na mlango ukawa haufunguki wote. Kaka alikunywa maji, akasema atakuja Jumapili na mkewe, akaondoka. Kikongwe alipita kwa ubavu, akaitazama meza, akarudi jikoni bila kusema methali yoyote.

"Tutakutafutia nafasi," Katibu alisema.

"Wapi?"

Alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa na ramani yote ya uwanja kichwani, kila gunia na mwenyewe.

"Tutaona," alisema, akatoka kwenda kunakili mkataba.

Mafungu ishirini na saba yalikuwa hayajauzwa. Mama Kati aliyapanga mezani, makubwa nyuma, madogo mbele, mizizi upande mmoja, kama kila siku. Akachukua bakuli la maji, akachovya vidole, akanyunyiza. Matone yakapenya kati ya mbao yakaanza kudondoka sakafuni chumbani. Mengine yaliruka hadi kwenye msumari wa ukutani alipokuwa ametundika kamba alipoingia.

Aliweka bakuli chini upesi. Aliitoa kamba, akachukua kitambaa kikavu, akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kuifuta, hatua kwa hatua, kuanzia fundo jekundu la kwanza, akiangalia sana isibaki na maji hata kidogo. Baada ya mavuno watu wa Juu na wa Bonde wangeihitaji.